Boti la Watu Wanane

Leo nimefedheheka. Tena asubuhi kweupe, tena mbele ya mama yangu mzazi, tena nimevaa jaketi la kujiokolea la rangi ya chungwa. Nakuhadithieni mwenyewe kabla hamjasikia kwa shangazi yangu, maana yeye hadithi akiichukua hairudi nyumbani kama ilivyotoka.

Mwanzo wake ni mama. Mama kaumwa mwaka mzima. Mguu, kisha moyo, kisha mguu tena. Alipokuwa kalazwa, siku moja kanishika mkono kaniambia, "Asya, mie nikitoka humu nnataka kwenda baharini. Si kukaa pwani kuitizama. Juu ya maji hasa, upepo unipige." Nikamwahidi. Nilikuwa nalia, na mtu anayelia huahidi chochote. Lakini ahadi hii niliishika. Wiki tatu nyuma daktari kampa ruhusa, kasema hata boti apande, mradi asichoshwe na asizongwe na watu.

Asizongwe na watu. Yashikeni maneno hayo.

Basi nikaanza kupanga. (Mie nikipanga jambo, napanga. Mume wangu ananiita Wizara.) Nikauliza huku na huku, nikaambiwa kule Qantab, kijiji cha wavuvi hapa hapa Maskati, kuna mvuvi mmoja, Nahodha Said, anawapeleka watu mpaka kwenye lile jabali lenye tundu, anapita katikati ya tundu, anarudi. Boti lake linachukua abiria wanane. Wa tisa hapandi hata akiwa mwembamba. Ijumaa iliyopita nikatoka kwetu Al Khoudh na kaka yangu Nassor, tukenda kulitizama. Nahodha katupokea vizuri, mzee wa ndevu nyeupe, kofia kailaza upande. Tukazungumza naye Kiarabu. Akatuonesha mashine, majaketi, na mahali atakapokaa mama. Na mie kwa ujuaji wangu nikamgeukia Nassor nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "Boti lenyewe kama karai la kufulia. Na huyu mzee anaona kweli?" Nassor akacheka. Nahodha akatabasamu tu, akatumiminia kahawa. Nikasema moyoni, mtu mpole huyu.

Safari tukaipanga Jumamosi, yaani leo, saa moja asubuhi. Watu watano: mama, mie, mume wangu, Nassor na mkewe. Kimya kimya, mama apate raha yake.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipoingia kazini.

Mnajua tulivyolelewa. Mtu akikukuta unakula, unasema karibu. Naye anasema ahsante, nimeshakula, hata kama tumbo linanguruma. Mtu akisikia unakwenda mahali, unasema karibu. Naye anasema inshaallah. Jambo limekwisha, kila mtu kabaki na heshima yake. Kumwambia mtu unakwenda baharini halafu ukanyamaza, huko ni kumfungia mlango usoni. Mama yangu mwenyewe angenikana.

Basi shangazi Zuwena kapiga simu kumuulizia mama. Nikamwambia Jumamosi hatupo, tunampeleka Qantab kupanda boti, karibu shangazi. Akasema inshaallah. Jirani wa mlango wa pili kaja na bakuli la supu ya mama. Karibuni. Inshaallah. Kwenye kundi letu la ukoo kwenye simu, mtu kauliza mgonjwa anaendeleaje, nikaandika alhamdulillah, Jumamosi asubuhi tunamtoa baharini, karibuni nyote. (Nyote. Nani alinituma kuandika nyote?) Zikamiminika inshaallah, na vimoyo vyekundu juu yake. Na kule kazini Khuwair, Mercy, Mkenya ninayekaa naye meza moja, akaniuliza wikendi nafanya nini. Nikamwambia. Karibu, Mercy. Yeye hakusema inshaallah. Alisema, "Sawa, tutakuja." Nikacheka, nikadhani ndiyo adabu ya kwao.

Nikapika vitumbua ishirini na chai chupa moja. Watu watano watakula wasaze.

Asubuhi tukafika Qantab. Gari hatujaizima bado, Nassor akauliza kwani leo pana harusi hapa.

Magari yamejipanga mpaka kwenye maboti yaliyovutwa mchangani. Katikati ya mchanga shangazi Zuwena kakaa kwenye kiti cha plastiki, kile cha barazani kwake, kakibeba kutoka nyumbani. Ubavuni pake sufuria la biriani ambalo huhitaji watu wawili kulinyanyua. Jirani na wanawe wote. Binamu zangu wa Sohar. (Sohar, jamani. Saa mbili na ushei za njia.) Mercy na wenzake watatu wa kanisani, fulana zao sare. Nikawahesabu. Nikawahesabu tena nikianzia upande wa pili, labda watapungua. Thelathini, pamoja na sisi.

Nikamvuta Mercy pembeni nikamuuliza, kwa sauti ya chini, ilikuwaje akaja.

"Si ulisema karibu?" akanijibu. "Kwetu mtu akikukaribisha, unaoga unakuja."

Nikamwambia basi karibu.

Sasa nifahamuni. Aibu ya wageni ningeimeza. Khofu yangu ilikuwa mama. Bado yumo ndani ya gari, anatizama kupitia kioo, na mie namjua. Akisikia wageni ni wengi na nafasi ni nane, atasema wapelekwe wageni, yeye atakwenda siku nyingine. Na mtu aliyekaa mwaka mzima kitandani, hiyo siku nyingine ya kuichezea anaitoa wapi? Nilitaka apande leo. Leo hii, kabla mguu haujabadili mawazo.

Kwa hiyo nikadanganya.

Nikasimama mbele ya watu, jaketi nishalivaa, nikapaza sauti. "Jamani, poleni sana na njia. Nahodha anasema leo bahari chafu. Huko nje kuna mawimbi makubwa. Atamchukua mama na sisi wanne tu, tena hapa hapa karibu. Nimembembeleza akuchukueni nyote, kakataa katakata. Mzee mwenyewe mgumu huyu, hasikii la mtu." Nikamnyooshea na kidole kwa masikitiko. Nahodha alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anakunja kamba.

Shangazi akaitizama bahari. Ilikuwa imelala kama maji ya kwenye beseni. Kisha akanitizama mie.

Nahodha akaiweka kamba chini. Akasafisha koo. Halafu kikamtoka Kiswahili cha Pemba, safi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka baharini.

"Mie sijasema hayo, mwanangu. Bahari shwari. Mamangu mzaliwa wa Pemba, kanilea kwa Kiswahili. Karai langu hili leo utaliona linavyokwenda. Na macho, alhamdulillah, nnaona. Hao wageni wako nimewaona tangu walipoanza kuja."

Hata wale wa kanisani wakanigeukia. (Kumbukeni, watu thelathini pale, na wote wanajua Kiswahili. Ningekuwa nimedanganya kwa lugha nyingine ningepata hata nusu ya nafuu.) Nassor akakaa chini mchangani, mabega yanamtikisika. Mume wangu akaenda kukagua matairi ya gari, ambayo hayana tatizo lolote. Mie nikashughulika na kamba za jaketi langu. Nikazifunga, nikazifungua, nikazifunga tena.

Shangazi Zuwena akanyanyuka kwenye kiti chake. Nikajua sasa nasomewa kurasa zote.

"Asya," akasema, "nani kakwambia tumekuja kupanda boti? Mie boti nnaliogopa tangu mtoto. Tumekuja kumwona mamako kasimama. Kule hospitali walikuwa wakituingiza wawili wawili, tena kwa kuchungulia. Leo pwani haina mlinzi."

Hapo nikalia. Sikuona haya, kwa sababu haya zilikuwa zishakwisha, nilizitumia zote dakika mbili kabla. Mwaka mzima nimeona hodi za watu hawa nikiziita usumbufu. Supu za jirani, simu za shangazi, Mercy akinishikia kazi zangu mezani nikikimbilia hospitali bila kuniuliza narudi lini. Ndio hao wamesimama pale. Na inshaallah zao zilikuwa inshaallah za kweli. Mie ndiye niliyekuwa nasema maneno bila kuyamaanisha.

Mlango wa gari ukafunguka. Mama akashuka mwenyewe, na fimbo yake, mtandio kaufunga vizuri. Watu wakagawanyika wakampa njia. Hakuna aliyemvamia, hakuna aliyepiga kelele. Alikuwa anapita, anasimama kwa kila mmoja, anaulizwa khabari, anajibu njema. Daktari kakataza asizongwe. Jamani, hakuzongwa. Alipokelewa.

Nikamwendea Nahodha. Nikamtaka radhi kwa uwongo, na kwa macho, na kwa karai. Akasema karai limenisamehe. Akasema atawachukua kwa zamu, wanane wanane, mpaka waishe, na mama wa watu kama huyu hamwachi pwani.

Zamu ya kwanza akapanda mama. Akamvuta na shangazi anayeogopa boti, akamkalisha ubavuni pake, wamekamatana mikono kama wasichana wa skuli. Mie nikanyanyua mguu niingie. Nyuma yangu binamu wa Sohar, katoka mbali masikini. Nikamwambia karibu, tangulia. Akatangulia.

Boti likarudi baada ya nusu saa. Shangazi kashuka anacheka peke yake. Mama hakushuka. Nahodha akamuuliza kama kachoka. Mama akamuuliza yeye kama kachoka. Zamu ya pili ikaondoka na mama. Mie nilikuwa nishaingiza mguu mmoja majini, jirani akaja na bintiye wa mwisho. Karibu, tangulia. Zamu ya tatu, mke wa Nassor. Karibu. Zamu ya nne ikabaki nafasi moja, nikasema sasa hii yangu, nikageuka, namwona mwenzake Mercy kasimama ananitizama kwa unyonge. Ulimi ukatoka wenyewe: karibu, tangulia. Aliingia sijamaliza kusema. (Kwao ndivyo, nishaambiwa.)

Kwa hiyo mpangaji wa safari, Wizara mwenyewe, aliyelala na kuamka na safari hii kwa wiki tatu, amekaa pwani ya Qantab kwenye kiti cha shangazi yake, jaketi limefungwa mpaka shingoni, mkavu ila mguu mmoja, analinda sufuria la biriani lisiingie kunguru. Mvuvi mmoja akapita akaniuliza kama nimeokolewa salama. Nikamwambia alhamdulillah.

Zamu ya nne iliporudi jua lilikuwa lishapanda. Nahodha akaushika mkono mmoja wa mama, mie nikaushika wa pili. Mtandio umerowa, uso umejaa chumvi, na macho yake yale ya zamani, ambayo sikuyaona mwaka mzima. Tukamkalisha kwenye kiti. Akavuta pumzi, akanishika shavu.

"Uliniahidi mara moja," akasema. "Nimekwenda mara nne."

Ya Rabbi, shukrani. Sina neno jingine.

Biriani ikafunguliwa, vitumbua vyangu ishirini vikagawanywa nusu nusu kwa watu thelathini na Nahodha, na wallahi vilitosha. Mama alikuwa anakula huku ananitizama. Mwisho akaniuliza, "Na wewe mbona hukupanda?"

Nikamwambia mie nimeshiba, mama. Na mara hii haikuwa adabu.

Sasa chekeni, lakini taratibu, jaketi bado sijalivua, fundo limenishinda. Na tafadhali asiniulize mtu tunakwenda tena lini. Najijua mwenyewe. Nitasema karibuni.