Mfuko Uliokataa Kupoa

Jumatatu, 6 Machi 1989, Jinja
Leo siku ya themanini. Mimi Magidu, mtunza stoo wa hospitali, nimehesabu mwenyewe. Takataka za dawa ya mionzi ya tezi la shingo, glavu na chupa tupu, zimefungiwa chumba cha nyuma zipoe. Kila siku nane nguvu yake hupungua nusu. Mara kumi, imekwisha. Chumba kina kitasa na dari isiyovuja, vitu adimu tangu vita. Kitakuwa ofisi yangu.

Jumanne, 7 Machi
Eseza, fundi wa mionzi, kaja na kipimo chake. Mifuko minne kimya. Wa tano: ta-ta-ta. Kasema usiguswe. Nimemwambia kipimo kimeharibika, kilifukiwa ardhini miaka ya vita. Kanitazama kama mgonjwa. Lakini kwa nini mmoja tu?

Jumatano, 8 Machi
Eseza kaenda Buwenge msibani. Nimeitupa mifuko yote kwenye shimo la kuchomea. Moto huwashwa Ijumaa. Kisha nimeazima kipimo bila kumsumbua mtu, nikapanda basi la Mbale kwa Geresom, fundi aliyesoma na Eseza na asiyempenda. Atathibitisha ni kibovu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari kadhani ni redio ya waasi. Kauliza naongea na nani. Nikasema na takataka, afande. Nimechuchumaa juani kwa saa mbili.

Alhamisi, 9 Machi, Mbale
Kipimo kizima. Geresom kaeleza: dawa ikitengenezwa, mara nyingine huzaliwa pamoja na vitu vingine, kidogo sana. Dawa hufa kwa miezi. Vitu hivyo huishi miaka. "Wewe ulihesabu siku za dawa," kasema, "hukuhesabu za mgeni aliyekuja nayo. Ukimchoma, anapanda na moshi."
Moshi wa shimo letu huingia wodi ya watoto. Basi la leo limeshaondoka.

Ijumaa, 10 Machi, Jinja
Basi la kwanza. Nimemkuta Eseza shimoni, mbele ya mifuko thelathini inayofanana, kakalia dumu la mafuta ya taa ili mchomaji asiwashe. Nimempa kipimo. Hakunitukana, ningependelea anitukane.
"Shika kijiti, bwana Magidu. Sogeza mmoja mmoja."
Wa kumi na tisa: ta-ta-ta. Nimekaribia kulia. Nikamwuliza mgeni huyo anaitwaje. Kasema hata yeye angependa kujua.

Jumamosi, 11 Machi
Mfuko umerudi chumbani, ndani ya pipa la chuma, bila tarehe ya kutoka, nami bado sina ofisi. Eseza kabandika mlangoni alama ya manjano. Wafanyakazi wote wanapita mbali, hata Gaster, mkuu wa utawala. Nimeichunguza alama hiyo kwa muda mrefu. Si ngumu kuchora. Rangi ya manjano iko stoo.
Ofisi ya Gaster inatazama mto.