Koti Jeupe la Docteur Adrien

Jumatatu, 4 Septemba 2000
Mwaka wa nne umeanza! Mpango: sayansi, chuo kikuu, udaktari. Tangu vita, madaktari hapa kwetu Cyangugu ni wa kutafuta kwa tochi. Ijumaa kuna mtihani wa kemia. Atakayeanguka anahamishiwa mchepuo wa lugha. Wenzangu wanakariri. Washamba! Mwalimu huamini macho kwanza. Nimemwagiza Maman, anayevuka mpaka kuuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, Bukavu, aniletee koti jeupe la daktari. Wateja wake wote amekwisha kuwatangazia kwamba mwanawe atakuwa docteur.

Jumanne, 5 Septemba
Koti limefika! Linanuka sambaza kidogo, lakini limenikaa barabara. Nzigire, msichana wa Bukavu anayegombania nami dawati la mbele, ameuliza nimetoroka hospitali gani. Wivu tu.

Jumatano, 6 Septemba
Balaa. Nikielekea darasani, Maman Odette wa jikoni kaliona koti, kanidaka mkono. "Weye njo mupishi mupya? Kuya mbiyo, maharagi inaungua!" Ningekataa, lakini kwetu mama akikuita jikoni unakwenda kwanza, unajieleza baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Nimekoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, kemia ikanipita. Mchana shule nzima ikasifu maharage. Kichwa kikavimba!

Alhamisi, 7 Septemba
Nimerudi jikoni kwa hiari. Ujanja huo! Mwalimu Nzabonimpa wa kemia jana aliomba kuongezwa. Tumbo lake likinipenda, kalamu yake itafuata. Nimempakulia mlima. Nzigire alikuwa akisoma tu, maskini.

Ijumaa, 8 Septemba
Swali la kwanza sikulielewa. Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Mbili juu ya ishirini! Mwalimu amesema maharage yangu hayana mfano na kemia yangu pia. Nzigire kawa wa kwanza. Mimi, lugha. Nimelia nyuma ya kuni. Nitamwambia nini Maman?

Jumapili, 10 Septemba
Maman kaja kunitazama. Nimemweleza yote. Akauliza lugha hutoa watu gani. Mahakimu, nikasema. Papo hapo furaha ikanirudia! Hakimu huvaa joho jeusi. Nimemwomba anitafutie.

Jumanne, 12 Septemba
Joho halikupatikana. Maman kanunua kanzu ya padri. Nyeusi, vifungo tele. Nani atajua? Nimeivaa na kutoka. Getini bibi mmoja kapiga magoti mbele yangu, kakiri makosa yake yote, tangu kuiba kuku mpaka kumsengenya mkwe. Sijauliza hata swali moja! Hakimu gani amewahi kuanza vizuri hivi?