Nani Anishikie Kamba?

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mkufunzi Eliana kafika Kinyangiri na mabegi matatu ya kamba. Atatufundisha kukwea miamba wiki nzima, na Jumamosi atachagua msaidizi mmoja wa kubaki na vifaa. Msaidizi huyo ni mimi, Alute. Baba nimeshamwambia nimechaguliwa. Akauliza nimechaguliwaje na mgeni ambaye hata chai hajanywa. Nikamjibu mambo ya siku hizi ni haraka.

Somo la leo: kufunga fundo. Kutwa nzima! Halafu kila mtu akague fundo la mwenzake kabla hajapanda. Sielewi. Nimekuja kupanda jiwe, nakagua kiuno cha Paschal.

Jumanne, 10 Juni
Huyu Paschal ananichosha. Anaandika kila kitu kwenye daftari, hata mkufunzi akikohoa. Mimi miamba hii nimeipanda tangu utotoni nikifukuza mbuzi, bila kofia ngumu, na kichwa kipo. Nilimweleza mkufunzi hivyo. Akaniambia nivae kofia.

Nikapanda mita moja na nusu, nikashindwa kushuka. Aibu! Mkufunzi kasema nisukume kwa miguu, nisijivute kwa mikono. Sasa mikono nimepewa ya nini?

Alhamisi, 12 Juni
Leo kuchagua mshika kamba, yule anayebaki chini akuzuie ukiteleza. Paschal kamchukua Amne, mwembamba hata upepo wa Juni unamsukuma. Nimecheka mpaka basi. Mimi nimemchukua shemeji Abraham, mume wa dada yangu Raheli. Kilo mia na ushei! Mkufunzi kamwambia mara tatu: mkono usiachie kamba, hata iweje. Shemeji kaitikia mara tatu.

Kumbe kwa sisi wanaoanza lazima na mtu wa pili, ashike mkia wa kamba nyuma ya wa kwanza. Wangu ni nani? Paschal! Watu wawili kumshika mtu mmoja, kwani mimi mwizi wa kuku?

Jioni nimemwalika baba aje Jumamosi. Mkufunzi akimwona mzee mzima kaja kwa ajili yangu, ataninyima vipi? Na kusema kweli nataka baba anione. Miaka thelathini na sita, hajawahi kuniona nimemaliza kitu.

Jumamosi, 14 Juni
Jamani!

Nilikuwa mita nne juu. Miguu inasukuma, kila kitu sawasawa. Nikasikia fimbo ya baba kwenye kokoto. Nikageuka nimpungie mkono, nikateleza.

Abraham naye alikuwa kageuka. Baba ni mkwe wake. Mkwe! Shemeji kavua kofia, kapiga goti, mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika kiwiko, shikamoo baba. Mkono wa tatu wa kushika kamba hana. Nikaja chini kama gunia huku nasikia baba akiitikia marahaba.

Nikakwama hewani, kichwa chini miguu juu, pua nusu mita kutoka ardhini. Paschal alikuwa ameng'ang'ania mkia wa kamba, kaburuzwa magoti yote yamechubuka.

Baba akainama, akaniuliza kama hii ndiyo ile kazi niliyochaguliwa. Moyo uliniuma kuliko shingo. Mkufunzi alipomgombeza shemeji, shemeji akang'aka: kwani mkufunzi alitaka amwamkie mkwe kwa kidevu? Msaidizi kawa Paschal.

Jumapili, 15 Juni
Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa nawaza. Kosa nimelipata. Si mimi. Kosa ni kumpa kamba mtu mwenye mkwe.

Baada ya ibada Paschal kaja kunipa pole, anachechemea. Kasema nikitaka kuendelea kujifunza, ataushika mkia siku yoyote. Nimemkatalia. Huruma yake akampe Amne.

Nimekipitia kijiji kizima kichwani, kila mtu ana wa kumwamkia. Ila nimepata mmoja. Maksai wetu mkubwa, yule wa jembe. Kilo mia nne, mkwe hana. Nimeazima kamba ya kufungia magunia ya alizeti, nimeshampima shingoni, imetosha. Kesho asubuhi tunaenda, mimi na yeye tu. Apite mzee yeyote anayetaka kupita. Maksai haamkii mtu.