Majukwaa Manne, Simu Moja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kosa la watu wengi wanaorusha picha laivu ni kulaumu mnara wa simu kabla ya kupima. Mimi nimepima. Kilobiti elfu ishirini na mbili kwa sekunde! Nimeandika kwa wino mwekundu.

Nieleze kidogo, ingawa daftari hili halisomwi na mtu ila mimi. Bitireti ni kiasi cha picha kinachopita kila sekunde, kama maji katika mpira wa kumwagilia. Kila jukwaa nitalipa kilobiti elfu nne. Facebook kwa ndugu wa Uvira. YouTube kwa walio Norwei na Australia. TikTok kwa vijana. Instagram kwa sababu Mzee Aloys hana Instagram. Nne mara nne, kumi na sita. Zinabaki sita za akiba. Hesabu safi! Nilifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja.

Jumamosi ni dote, yaani mahari, ya Uwera, binti wa dada yangu Kabanyana. Baba yake hayupo tena, kwa hiyo msemaji wa familia ni mimi. Kabanyana alihamishiwa Norwei miaka mitatu iliyopita, faili ya binti ikabaki hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Hawajashikana mkono tangu siku ile. Uwera ameniomba jambo moja tu, tena kwa upole: mjomba, sitatoka chumbani mpaka nijue mama ananiona. Na katika ukoo wetu ng'ombe wa kwanza wa dote hupewa jina na mama wa binti, akiwa amemwona kwa macho yake. Hakuna macho ya mama, hakuna jina. Hakuna jina, wageni wanarudi na ng'ombe wao.

Jambo zito. Nimelichukua mimi mwenyewe.

(Tena, mjomba wa bwana harusi ndiye huyo Aloys. Misa ya Pasaka aliyoirusha kutoka kanisani kwao ilitazamwa na watu mia nne na kumi na wawili kwa wakati mmoja. Kwa jukwaa moja! Na picha yenyewe kama iliyochemshwa. Nitampita.)

Nimetuma bango kwenye makundi yote ya familia: dote ya Uwera, laivu, majukwaa manne, picha ikikwama pigia Mwalimu Kabanda. Na namba yangu, kwa herufi kubwa. Mrushaji lazima awe karibu na watazamaji wake.

Jumanne, 10 Juni

Jaribio la kwanza, kwaya yetu ikifanya mazoezi. Kompyuta mezani. Kamera juu ya kiti. Simu yangu mfukoni mwa koti, ikigawa intaneti. Dakika ya kwanza, safi. Ya pili, alama ya kijani ikawa ya njano. Ya tatu, nyekundu! Wanakwaya wote waliganda midomo wazi.

Mnara huo. Nimeulaumu. Nina haki, maana nilishapima.

Jambo la kutia moyo: watu kumi na mmoja walinipigia kunijulisha kwamba picha imekatika. Nilimjibu kila mmoja bila haraka na kumweleza bitireti ni nini. Binamu wa Uvira nilimweleza mara mbili. Kila nilipokata simu picha ilijaribu kurudi, halafu ikakatika tena, nao wakapiga tena. Upendo wa namna hii Aloys hajawahi kuuona.

Jioni alipita akisukuma baiskeli yake. Alisema ametazama. Akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani: "Mwalimu, yale yalikuwa mazoezi ya kuimba, ao mlikuwa munapigwa picha za pasipoti?"

Nikamjibu kwamba ubora wa juu una tabia zake.

Jumatano, 11 Juni

Mbarara, mjini! Nimepata dawa.

Muuzaji mmoja, kijana mchangamfu, alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni adimu. Kisha akatoa antena ndefu kuliko mimi, yenye mbavu kama samaki. Akaniapia: "Mzee, hii iko mzuri sana! Ukifunga hii, network yenyewe itakutafuta. Hata ya Tanzania itakuja!" Nilimuuliza kama ya Tanzania haitaniletea matatizo, sisi tuko karibu na mpaka. Akasema nitaizoea.

Alasiri nilipanda juu ya bati. Uwera alishika ngazi. Antena ilisimama vizuri, inaonekana kutoka barabarani. Kisha Uwera akauliza waya wake unaingia wapi. Simu yangu ina tundu moja, la chaja. Waya una kichwa cha duara, kinene kama kidole gumba.

Ni antena ya televisheni. Sina televisheni.

Nilimwambia Uwera inafanya kazi kwa ukaribu. Alitikisa kichwa kukubali. Mtoto ana adabu. Halafu akasema mama yake amepiga kuuliza Jumamosi tuvae kijani ao buluu. Anataka kuvaa sawa na binti yake, ingawa atakuwa peke yake sebuleni.

Nilikaa juu ya bati muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 12 Juni

Upelelezi. Nilikwenda Base Camp, katikati ya kambi, nikijifanya nataka kutoa nakala ya cheti. Nakala hutolewa kwa Aurore, binti wa Aloys, na Aurore ndiye anayeirusha misa ya baba yake. Nilichungulia nyuma ya mashine. Nilitarajia mitambo. Nikaona kompyuta kuukuu, simu moja iliyofungwa dirishani kwa mpira wa baiskeli, na daftari la shule. Basi!

Aloys alikuwepo, kiti cha pembeni. Alisema karibu Mwalimu, cheti hicho ni cha nini tena, si ulistaafu? Nikasema ni kumbukumbu. Akasema ameona nimepanda mti wa chuma juu ya nyumba, je, unazaa mwezi gani?

Aurore hakucheka. Alimwambia baba yake aache, kisha akanigeukia: "Papa, picha inakatika kila saa, ao kwa saa fulani?"

Sikujua. Mimi, ambaye niliwapa wanafunzi sufuri kwa kutoandika tarehe! Alisema kesho atakuja, na hataki kitu, Uwera ni shemeji sasa. Nilimwambia sihitaji msaada, ila aje tulinganishe mbinu.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike yote kama yalivyokuwa, maana yanastahili.

Alifika asubuhi na lile daftari. Akasema tutagusa kitu kimoja kimoja, tusiguse viwili kwa pamoja, la sivyo hatutajua kipi kimeponya. Akaomba vipimo vyangu. Nikamwonyesha wino mwekundu. Alisoma, kisha akasema taratibu kwamba hiyo ni kasi ya kushusha, yaani ya mtu anayetazama. Anayerusha anatumia kasi ya kupandisha.

Akapima kupandisha mara tano. Hakuchukua kipimo cha juu. Hakuchukua wastani. Alichukua cha chini kabisa: elfu tano na mia mbili.

Nilikuwa nasukuma elfu kumi na sita ndani ya elfu tano. Miaka thelathini na mmoja ya hesabu!

Akazima majukwaa yote, akabakiza moja. Akashusha bitireti hadi elfu moja na mia tano, isiyopanda wala kushuka. Nikalalamika kwamba ni kidogo mno. Akasema, "Papa, acha nafasi. Mtandao nao unahema." Picha ilitulia. Dakika tisa! Kisha ikakatika.

Nikafungua mdomo kuusema mnara. Yeye akaandika: saa nne na dakika kumi na mbili. Ikarudi. Ikakatika. Saa nne na dakika kumi na tisa. Tena, na ishirini na sita. Hakulaumu kitu chochote. Aliandika tu, kama muuguzi anayeandika homa. Nimefanya kazi na wakaguzi wa elimu na wakuu wa shule watatu. Sijawahi kuona mtu anayeandika kwanza na kusema baadaye.

Kisha akaniomba simu. Akafungua orodha ya waliopiga, akailaza kando ya daftari.

Saa nne na kumi na mbili: binamu wa Uvira, aliyepiga kunipongeza kwamba leo picha imetulia. Na kumi na tisa: binamu wa Uvira. Na ishirini na sita: mke wa binamu wa Uvira.

Simu yangu haiwezi kubeba sauti na intaneti kwa pamoja. Ikipokea mtu, inaiacha picha. Ndugu zangu wanapiga kuniambia picha imekatika, na kule kupiga ndiko kunakoikata. Wale kumi na mmoja wa Jumanne! Upendo wao wote!

Nilikaa chini. Aurore akaniletea maji.

Mchana wote alitengeneza. Simu yake ya akiba, yenye laini mpya ambayo namba yake haijulikani na mtu, ndiyo itatoa intaneti. Haitakaa mfukoni mwangu, maana msemaji husimama, hukaa, huingia ndani ya nyumba ya bati kushauriana, na bati linaziba. Itakaa nje, juu. Akatazama huku na huku akitafuta pa kuifunga. Akaifunga kwenye antena yangu! Alisema ni mlingoti mzuri sana. Sina maneno juu ya binti huyu.

Na majukwaa manne? Kompyuta itatuma picha mara moja tu, kwa huduma iliyoko huko kwenye intaneti, nayo ndiyo itaigawa mara nne. Ni kama barua moja iliyopelekwa posta, nakala zinapigwa hukohuko. Hata Facebook, ambayo hapa Uganda imezuiwa, huifungui bila kuzunguka kizuizi kwa VPN, na VPN nayo inakula kasi, inapata nakala yake kutoka nje.

Mwisho akaniomba kitu kimoja: nisiguse.

Jumamosi, 14 Juni

Sikugusa. Nilikaribia tu.

Wageni walifika saa tano, Aloys mbele, koti la suti na fimbo. Alisema wamefuata nyayo za ndama zikawaleta hapa, na wamesikia kuna ua limechanua. Nikajibu hapa hakuna ua, kuna mtama na wazee wenye njaa. Watu wakapiga makofi. Niliingia ndani kushauriana mara nne, na mara zote nne niliporudi nilichungulia kompyuta. Elfu moja mia tano. Elfu moja mia nne tisini na nane. Elfu moja mia tano na moja. Kama mapigo ya moyo wa mtu aliyelala!

Ikafika zamu ya Uwera. Mlango haukufunguka. Kutoka ndani, sauti yake: mama anaona? Picha inachukua karibu nusu dakika kufika Norwei, na neno linachukua muda wake kurudi. Aloys alisimama ili ajaze kimya kwa hotuba. Akatazama kompyuta. Akakaa.

Kisha Aurore akasoma kwa sauti maandishi yaliyoingia chini ya picha: "Naona mlango. Mwambieni atoke."

Akatoka. Kijani. Alitembea hadi mbele ya kamera, akasimama, na sisi hatukumwambia asogee.

Ng'ombe akaletwa, yule waliyemnunua sokoni Endiinzi, mwekundu wa kukolea. Kwenye kompyuta alionekana amefifia kidogo. Nikafikiria: nikipandisha hadi elfu nne, dakika moja tu, manyoya yatang'aa! Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Aurore, bila kunitazama, aliweka mkoba wake juu ya vibonye.

Tukangoja tena. Likaja neno moja: "Bihogo." Halafu la pili: "Kama ng'ombe wa baba."

Ng'ombe huyo wa baba yetu nilimchunga mimi, kule milimani. Sikuweza kulitangaza jina. Mzee Aloys alilitangaza kwa niaba yangu, kwa sauti kubwa, na alilitamka vizuri.

Haikukatika hata mara moja. Kwa muda wa saa tatu na dakika arobaini!

Jumapili, 15 Juni

Kanisani kila mtu alinipongeza. Niliwaambia ni Aurore. Niliwaambia pia juu ya mlingoti.

Kabanyana alipiga. Amekaa na nguo ya kijani hadi leo, hajaivua. Alisema asante kaka, mara nyingi.

Mchana nilijumlisha watazamaji wa majukwaa yote manne, ile dakika waliyokuwa wengi kuliko zote. Mia nne na tisa.

Aloys: mia nne na kumi na wawili.

Watatu!

Jumatatu, 16 Juni

Nimefikiri kwa utulivu, kama Aurore, kwa maandishi.

Jumamosi simu yangu ilikuwa imenyamazishwa. Nimekuta watu ishirini na saba walinipigia bila kupokelewa. Ni wazi kwamba watatu kati yao walikata tamaa wakaondoka. Hao ndio watatu wangu! Tatizo, basi, lilikuwa huduma kwa watazamaji.

Sasa, Aurore ameniachia ile simu yake mpaka Jumapili ijayo, siku ya tamasha la kwaya. Ipo pale juu ya antena. Nimechunguza orodha yake: siku nzima ya dote haikupigiwa na mtu hata mmoja. Laini nzima, iko huru kabisa, inasikika vizuri, na haina kazi! Nashangaa yeye mwenyewe hakuliona hilo, lakini ni kijana bado.

Nimeongeza jukwaa la tano. Nimepandisha bitireti hadi elfu nne, ili nguo za kwaya zionekane. Bango jipya limekwenda kwenye makundi yote ya familia, pamoja na binamu wa Uvira, ambaye ameshajibu kwamba amefurahi sana. Maneno yake ni machache, nimeyaandika mwenyewe kwa wino mwekundu kabla ya kuyatuma:

Picha ikikwama, usingoje. Namba ya zamani ina watu wengi. Leo hii, andika namba hii mpya kwenye simu yako, na uijaribu kwa kuipigia.