Alizeti Pori kwa Goti la Msemaji

Jumatatu, 2 Juni 2025
Goti la kulia limevimba kama boga. Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya mjukuu wangu Kemirembe, na msemaji wa ukoo, yaani mimi, husimama mwanzo hadi mwisho. Nisiposimama, atasimama binamu yangu Rwezaura, bwana shamba mstaafu. Afadhali nife!

Nilifundisha kemia miaka thelathini na moja. Maua ya alizeti pori yana viambato vya kutuliza uvimbe. Uvimbe, kwa faida ya atakayesoma, ni askari wa mwili walioshinda vita wakakataa kurudi kambini. Nitakitenga kiambato chenyewe. Kimya kimya.

Jumanne, 3 Juni
Nimeloweka ndoo nzima ya maua kwenye enkonyagi, pombe kali ya ndizi. Pombe hung'oa ambacho maji hayawezi. Mke wangu Avelina kauliza kama nimeanza kunywa uzeeni. Nikamfafanulia viyeyusho dakika arobaini. Alisinzia kwenye ya nne.

Alhamisi, 5 Juni
Pombe imekauka juani. Imebaki gundi ya njano, kijiko kimoja. Ushindi! Lakini chungu, hailambiki. Nikapata akili: nimeipaka kwenye akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Punje ishirini. Zinakauka kwenye kikapu cha wageni, mezani. Mahali salama.

Ijumaa, 6 Juni
Msiba! Nikiwa migombani, Rwezaura kapita kusalimia. Avelina kamkaribisha kwa desturi: kikapu. Mgeni mwenye adabu hutafuna punje mbili. Yeye kamaliza zote! Niliporudi kaniambia, Mwalimu, kahawa yenu mwaka huu ina ukali wa heshima, nyingine ziko wapi? Nikamuuliza, kisayansi, kama ana uvimbe popote. Hana! Dawa nzima imeingia mwili usio na kazi nayo.

Jumamosi, 7 Juni
Goti bado boga. Rwezaura kasimama, kakohoa, kasema "Wakwe zetu," kakimbilia chooni. Mara tatu. Wazee wakashauriana: msemaji aliyeketi ni bora kuliko aliye chooni. Nikaletewa kiti. Nimesema saa nzima, nusu yake kuhusu maua. Kemirembe kacheka hadi machozi. Mahari imepokelewa. Siku njema sana.

Jumatano, 11 Juni
Avelina anasema ningeomba kiti tangu Jumatatu, basi. Hajui utafiti. Kosa lilikuwa kipimo kidogo. Leo nimepaka gundi mpya kwenye punje arobaini. Zinakauka kwenye kikapu cha wageni, mezani. Rwezaura katuma salamu: anapita saa kumi.