Rangi Iliyotaka Upepo

Jailos aliposhuka kwenye lori la mahindi pale sokoni Iringa, mwaka wa hamsini na sita, alikuwa na koti moja, faneli moja ya kumiminia mafuta ya taa, na sababu moja nzuri ya kutorudi Mbeya. Sababu hiyo iliitwa Isakwisa. Isakwisa alikuwa na lori, lori lilikuwa limepakwa rangi mpya ya kijani, na Jailos alikuwa amemuuzia kopo la dawa ya kulinda rangi ambayo, ukiondoa harufu ya mnanaa, ilikuwa mafuta ya kondoo. Vumbi lote la barabara ya Chunya lilinasa pale. Halafu wakaja mbwa kulamba. Wiki nzima Isakwisa alizunguka mjini Mbeya akisindikizwa na mbwa, na mtu mwenye mikono mikubwa vile hapendi kuchekwa.

Basi Jailos akasimama sokoni akitazama huku na huku kwa utulivu, kama mtu asiye na deni na Mungu wala serikali. Mbele ya duka moja la ngozi na mahindi aliona kundi la watu, na katikati ya kundi aliona gari. Lilikuwa Morris kuukuu ya mlowezi mmoja aliyekwisha kurudi kwao Ulaya, lakini limepigwa rangi ya damu ya mzee, mbichi, inang'aa mpaka watu walikuwa wakijichana nywele kwa kujitazama mlangoni. Mwenyewe, Mzee Bartholomeo, alisimama na usinga mkononi. Hakuwa akifukuza nzi. Alikuwa akicharaza vidole vya watu. Bibi mmoja alipopita na kikapu, Mzee Bartholomeo alimwomba kwa heshima asogeze kivuli chake.

Jailos alipoona hilo la kivuli, moyo wake ulijaa furaha. Alipenya katikati ya watu bila kusema neno, akapiga goti, akatoa faneli, akaweka ncha nyembamba kwenye mlango wa gari na mdomo mpana sikioni. Akafumba macho. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akainuka, akaanza kuondoka.

"Wewe! Unafanya nini?" Mzee Bartholomeo aliuliza.

"Kamwene, mzee," Jailos alisalimu kwa Kihehe. "Samahani, nilikuwa napita tu."

"Hebu rudi. Umesikia nini humo?"

"Rangi imezaliwa lini?"

"Imepigwa Jumanne."

"Na leo Ijumaa." Jailos alivua kofia. "Siku tatu, mzee. Na iko nje kwenye baridi hii, kila mtu anaishika anavyotaka. Sasa nikuulize kitu. Mwanamke wa nyumbani kwako akijifungua Jumanne, Ijumaa utamleta sokoni?"

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Mzee Bartholomeo alilitazama gari lake, akashusha usinga.

"Inahema kwa shida," Jailos aliendelea. "Ndani kuna baridi. Ikikaa hivi wiki moja itapauka, wiki mbili itabanduka. Mimi nimeona rangi zikifa, mzee. Si jambo zuri kulitazama."

Ni haki kusema kwamba nusu ya masharti aliyoyatoa Jailos yalikuwa ya kweli. Fundi yeyote atakwambia kuwa rangi mbichi isikae juani, isiwekwe chini ya mti wenye ndege, isipakwe mafuta mapema, na ioshwe kwa maji matupu na kitambaa laini. Jailos aliyasema hayo yote. Halafu akaongeza nusu ya pili, iliyokuwa yake mwenyewe. Gari likae ndani siku saba kama mzazi, asiliguse mtu. Mkono utakaoanza kulihudumia usibadilishwe, kwa sababu rangi humzoea mtu wake. Siku ya nane litolewe kupigwa upepo, mbali na mji, na mwenye mali asipande, maana rangi huona aibu mbele ya mwenyewe.

Hilo la upepo ndilo alilolikusudia. Huko Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, mbele ya Mbeya ambayo angeipita usiku, kulikuwa na mtu mmoja aliyemwahidi kuchukua gari lolote bila kuuliza la nani. Jailos alihitaji tu mwenyewe azoee kutoliona, na baada ya hapo apewe ufunguo kwa shukrani.

"Yesu na Maria," alisema Mzee Bartholomeo. "Mkono huo tutaupata wapi?"

Jailos aliutazama mkono wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

*

Mke wa Mzee Bartholomeo aliitwa Apolonia. Alikuwa mkunga. Alijifunza kazi hiyo kwa masista wa Tosamaganga, na kwa miaka ishirini alikuwa amepanda milima ya Kilolo kwa miguu, kikapu kichwani, kuwafuata wazazi. Gari liliponunuliwa alimshukuru Mungu mapema mno. Alipoliomba mara ya kwanza mumewe alisema lisubiri rangi. Mara ya pili alisema rangi ikauke. Mara ya tatu alisema barabara ya Kilolo ina miiba. Wakati wa mvua zilizopita Apolonia alichelewa kufika mara mbili, na alichokikuta hakupenda kukisimulia. Sasa huko Kilolo alikuwapo Severina, mke wa mwalimu, siku zake zimekaribia na mtoto amekaa upande. Apolonia alikuwa halali vizuri kwa ajili ya Severina.

Alisimama mlangoni mwa ghala lilimoingizwa gari, akamtazama Jailos akisikiliza gari kwa faneli. Alitazama hasa namna alivyoishika.

"Baba Liberatus ameniambia kila kitu," alisema, akimaanisha mumewe. "Karibu sana, mkunga mwenzangu."

"Asante, mama."

"Kazi ya uzazi naijua kidogo. Lete koti lako."

"La nini, mama?"

"Lina vumbi la njiani. Unaingia kwa mzazi na vumbi?" Akalichukua. Ndani ya koti mlikuwa na stakabadhi ya kodi na laiseni ya udereva, na bila vitu viwili hivyo mtu mzima hakuwa na njia ya kupita mbele ya askari yeyote kuanzia Iringa mpaka Mbeya. "Na viatu. Na ufunguo wa ghala ninakaa nao mimi. Chumba cha mzazi ufunguo wake haukai na mwanaume."

Mzee Bartholomeo alitikisa kichwa kukubali. Jambo hilo alilijua tangu kwa mama yake.

Mchana Jailos alinusa kuku akipikwa. Alikuwa ameagiza kuku huyo mwenyewe, kwa ajili ya nguvu za mikono. Mlango ukafunguliwa, likaingia bakuli la uji.

"Mama, na kuku?"

"Anayemhudumia mzazi hali nyama mpaka mzazi ale."

"Lakini mama, gari halili nyama!"

"Basi ndivyo ilivyo," alisema Apolonia, akafunga mlango kwa nje.

Siku saba Jailos alikula uji. Siku saba alilifuta gari kwa maji matupu na kitambaa laini, maana palikuwa na ufa mlangoni, na kwenye ufa kila mara lilikuwapo jicho. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi siku saba mfululizo, na mgongo wake ulishangaa sana. Faraja yake ilikuwa Makongolosi. Alilala juu ya magunia akijiona anateremka na usukani mkononi, peke yake, madirisha wazi.

*

Asubuhi ya siku ya nane milango ya ghala ilifunguliwa. Damu ya mzee ilitoka juani, na Mzee Bartholomeo akatokwa na machozi bila kujificha. Kwa kweli ilikuwa imependeza. Kutunzwa kulikuwa kumeifaa.

"Mzee, kaa hapo hapo," alisema Jailos, akijipenyeza haraka nyuma ya usukani. "Usitazame sana. Nikishaipiga upepo narudi."

Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, akaingia Apolonia na kikapu chake. Koti la Jailos lilikuwa mapajani mwake, limefuliwa na kukunjwa; viatu alikuwa amemrudishia alfajiri.

"Mzazi hatoki peke yake," alimwambia mumewe dirishani. "Anasindikizwa na mkunga."

"Ni kweli," alisema Mzee Bartholomeo.

Wakateremka mlima wa mji. Huko chini barabara hugawanyika, moja inakwenda Mbeya na nyingine inapanda Kilolo. Jailos akasimamisha gari kabla ya njia panda.

"Mama, hebu shuka kidogo uniangalizie tairi la nyuma."

"Tairi liangalie mwenyewe. Mimi nimeshika koti."

Jailos akacheka kidogo. Apolonia hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "pembe ya kusikilizia nimeishika miaka ishirini. Upana unakaa tumboni, wembamba unakaa sikioni. Wewe unaishika kichwa chini miguu juu."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoingia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, gari lingebaki sokoni linafukuziwa vivuli. Mimi nimeomba gari hili miezi minne sikupata. Umekuja wewe na faneli, kwa siku nane tu Baba Liberatus anaamini kwamba lisipotembea litakufa. Nikuharibie kazi nzuri namna hiyo?" Akaliweka koti vizuri mapajani. "Geuza kushoto. Kilolo."

Jailos alilitazama koti. Aliitazama barabara ya Mbeya, ambako kila askari angemwomba karatasi, na mwisho wake kulikuwa na Isakwisa. Akageuza kushoto.

Barabara ya Kilolo ilikuwa na miiba kama Mzee Bartholomeo alivyosema. Miiba ilikwaruza gari kwa sauti ya kuumiza, na Jailos, aliyefuta milango ile kwa mikono yake siku saba, alijikuta akikunja uso kila mara kama anayekwaruzwa yeye. Walifika kwa mwalimu saa nne. Severina alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na alikuwa hasemi tena.

Apolonia alimpapasa tumbo, akaingiza mkono kikapuni, akautoa mtupu. Pembe yake ilikuwa imebaki nyumbani juu ya meza.

"Lete faneli yako," alisema.

Akaisugua kwa khanga, akaweka upana tumboni na wembamba sikioni. Alisikiliza muda mrefu. Mwalimu alisimama ukutani akimtazama mdomo. Halafu Apolonia akamwita Jailos.

"Piga goti. Sikiliza."

"Mimi, mama?"

"Nataka ujue unaendesha nini."

Jailos akapiga goti, akaweka sikio. Alikuwa amesikiliza magari, baiskeli, milango ya maduka, na hata mashine moja ya kusaga ya Mbeya, na kutokana na vyote hivyo alisimulia mengi. Safari hii alisikia kitu. Kilikuwa kidogo, cha haraka, kinagonga kwa mbali. Kilikawia, kikagonga tena. Jailos aliogopa kuliko alivyowahi kumwogopa mtu yeyote.

"Kinachoka," alisema.

"Kinachoka. Hospitali ya Tosamaganga, sasa hivi."

Hakuna aliyezungumzia rangi njiani. Jailos aliendesha milima ile meno yameumana, akipita katikati ya vichaka pale barabara ilipoharibika, na walipofika njia panda ya chini ya mji hakukumbuka hata kuwa ilikuwa njia panda. Masista walimpokea Severina mlangoni. Jailos aliketi kwenye ngazi za hospitali mpaka Apolonia alipotoka.

"Wa kike," alisema. "Analia vizuri. Na mama yake ni mzima."

Jailos akaingiza mkono mfukoni. Akafuta uso kwa kile kitambaa laini cha gari.

*

Mzee Bartholomeo alikuwa amesimama pale pale walipomwacha. Gari lilipoingia uani aliona ubavu wa kwanza, akazunguka akaona wa pili, akashika kichwa.

"Rangi yangu! Mmeifanya nini? Michirizi gani hii?"

Apolonia akashuka na kikapu chake. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na sharti la kutoa. Alilinyanyua lile koti akamkabidhi Jailos, lenye stakabadhi na laiseni ndani.

"Lako," alisema polepole. "Kazi umeimaliza. Nenda salama."

Jailos akavaa koti. Alipapasa mfuko, vyote vilikuwamo. Geti lilikuwa wazi na malori yalikuwa bado yanapakia sokoni. Alifika getini, akamsikia Mzee Bartholomeo akisema kwamba gari hili litaingia ghalani leo na halitatoka tena mpaka yeye afe.

Akarudi.

"Mzee," alisema kwa ukali. "Umewahi kuona mzazi gani ametoka uzazini bila michirizi?"

Mzee Bartholomeo akaondoa mikono kichwani.

"Hiyo ni afya. Ndiyo dalili kwamba imeshika." Akapiga goti kando ya mlango, akaweka faneli, safari hii upana kwenye gari na wembamba sikioni. Akasikiliza kwa muda mrefu mpaka hata Apolonia akaanza kuhangaika. "Inahema vizuri sana. Lakini inataka upepo."

"Upepo tena?"

"Kila siku. Upepo wa mlimani, wa Kilolo hasa. Ikikaa ndani siku mbili, mzee, usinitafute."

Katika maisha yake Jailos alikuwa amesema uongo mwingi, wote wa kulipwa. Huu aliutoa bure. Akasimama, akajikung'uta magoti, akajisikia mwepesi ajabu, akageuka kuondoka.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mzee Bartholomeo.

"Naenda zangu, mzee. Mama ataendelea na kazi, dereva mtapata."

"Dereva gani?" Mzee Bartholomeo alimshika mkono kwa nguvu ya mtu mwenye mali. "Mkono ulioanza haubadilishwi. Si ulisema mwenyewe? Rangi humzoea mtu wake."

Jailos akamtazama Apolonia amsaidie. Apolonia alilitafakari suala hilo kwa uzito wote uliostahili.

"Alisema," akakubali. "Nililisikia tangu siku ya kwanza."

Akaja akamvua lile koti, taratibu, akalikung'uta, akaenda kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Halafu akamletea bakuli. Ndani mlikuwa na kuku.