Jogoo wa Mama Pasi

Mtaa ulikuwa wa gereji na wauza mkaa mpaka picha zilipoanza kuota ukutani. Leo tembo wa buluu, kesho msichana mwenye macho kama sahani, kesho kutwa wageni wenye kamera. Halafu kahawa ikapanda bei ikakaribia nyama. Wapangaji walinung'unika. Wakili alifurahi. Uwakili wenyewe alipewa na mtaa kwa sababu ya mdomo wake. Shuleni hakukaa sana.

Asubuhi hiyo aliona jogoo mkubwa kuliko lori, rangi bado mbichi, kwenye ukuta wa ua wa Mama Pasi, mjane aliyewanyooshea nguo mtaa mzima. Mwenye mgahawa mpya alikuwa amesimama mbele ya ukuta huo, kinywa wazi.

"Huu ukuta ningeupata, meza zangu zote ningezipanga hapa," alisema. "Natoa chochote."

Chochote! Wakili akazunguka kwa nyuma haraka.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya msibani, "nani kakuchorea balaa hili?"

"Mpwa wangu. Kwani vipi?"

"Picha zina kodi siku hizi. Manispaa wanapima kwa futi. Na jogoo wako, shangazi, ana mkia mrefu."

Mama Pasi akaweka pasi chini. "Maskini mimi! Nifanyeje?"

"Niuzie ukuta. Kodi nitaibeba mimi."

"Aliujenga marehemu kwa mikono yake." Akajifuta machozi kwa shati la mteja. "Labda unipe hiyo pikipiki."

Pikipiki ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo Wakili. Hata kitanda alichokuwa akilalia kilikuwa cha mwenye nyumba. Lakini chochote ni chochote. Akihofia mjane asije akageuka, alimkokota kwa mwenyekiti wa mtaa wakaandikishane, na kifungu cha mwisho akakitunga mwenyewe kwa madaha: ukuta ni wa mnunuzi, pamoja na haki zake zote na wajibu wake wote.

"Hapo kwenye wajibu, hebu soma tena, mwanangu," akasema Mama Pasi. "Umeandika vizuri."

Mchana Wakili akamleta mwenye mgahawa. Huyo hakuwa mtu wa kununua kwa macho. Alilowesha kitambaa, akasugua kifua cha jogoo aone kama rangi inashika. Haikushika. Chini yake palikuwa na alama ya X na maandishi ya manispaa: UKUTA UMEINGIA BARABARANI. MWENYEWE ABOMOE NA KUZOA KIFUSI KABLA YA IJUMAA.

"Leo ni Jumatano," akasema mwenye mgahawa, akaenda zake akicheka.

Wakili alimkuta Mama Pasi juu ya pikipiki, nyuma kafunga furushi la nguo za wateja.

"Shangazi, ulijua!"

"Vibarua wa kubomoa walikuwa ghali, mwanangu. Nikasema nisubiri mwenye moyo wa huruma."

Wakili alitamani kulia, akalia kweli. Mama Pasi alimwonea huruma kidogo. Akawasha pikipiki.

"Nyundo iko nyuma ya mlango," akasema. "Ukimaliza uirudishe."